Wali wa nailoni, chupa ya mtoto na hofu ya saratani: jibu kwa mama ntilie mjamzito

"Shikamoo daktari. Mimi nauza chakula cha mchana hapa Dar, wali maharage, ugali samaki, na ijumaa pilau. Nina mimba ya miezi minne na mtoto mwingine wa mwaka na nusu anatumia chupa. Wali wangu ukikaribia kukauka naufunika na nailoni ndo naweka mfuniko alafu napalia mkaa juu, nilifundishwa na mama mkubwa na unaiva vizuri sana. Wateja wa ofisini nawafungia kwenye vile vikontena vyeupe vyepesi au kwenye mfuko. Wiki iliyopita nilipigwa ultrasaundi, mtoto yuko salama ila nikaambiwa nina uvimbe mdogo kwenye kizazi. Wifi akanitumia mesej ya WhatsApp inasema plastiki zina BPA na dioksini ndo zinaleta uvimbe na saratani, hata maji ya chupa yakikaa juani ni sumu, na kuna mtu anauza dawa ya kutoa sumu za plastiki mwilini. Nimeshaanza kutupa vyombo, nimebakiza nusu. Ni kweli? Nitupe vyote? Na mtoto tumboni nimeshamdhuru? Nijibu maana silali."

Marahaba dada yangu, na pole sana. Naanza na swali lako la mwisho maana ndo linalokunyima usingizi: kwenye maelezo yako sioni chochote kinachoonyesha umemdhuru mtoto. Ultrasaundi imesema yuko salama, shika hapo hapo. Hiyo dawa ya kutoa sumu usiinunue, na ukiwa mjamzito usiionje hata kidogo, nitakueleza kwanini. Vyombo vilivyobaki acha kuvitupa. Ila kuna mambo machache unayofanya hapo jikoni ambayo nakuomba uyaache kuanzia kesho asubuhi, na mengi hayahitaji hela. Mimi sio daktari wa wodini, kazi yangu ni kemia ya chakula na sumu zinazoingia humo, kwahiyo habari ya uvimbe nitaigusa kwa upande wangu na inayobaki utaipeleka kliniki.

Mesej ya wifi imechanganya ukweli na uongo mule mule ndani ya sentensi moja, ndo maana inatisha. Kwanza plastiki ziko nyingi na hazifanani. Geuza chombo uangalie kitako chake, mara nyingi utakuta kapembetatu na namba ndani, 1 mpaka 7. Namba 1 ni PET, chupa za maji na soda. Namba 2 na 4 ni polithini, yaani madumu, ndoo nyingi na mifuko ya nailoni. 3 ni PVC. 5 ni polipropilini, ndo makontena mengi ya kufungia chakula na chupa nyingi za watoto za siku hizi. 6 ni polistaireni, hivyo vyeupe vyako vyepesi. 7 ni zote zilizobaki, na humo ndo imo polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, mfano yale machupa makubwa mengi ya maji ya dispensa. Watu wanaisoma hiyo namba kama cheti cha usalama wakati inakwambia aina ya plastiki tu, basi.

Sasa BPA, kirefu chake bisfenoli A, inatengenezea hiyo polikaboneti na ule utando wa ndani ya makopo ya chakula. Chupa ya maji ya dukani ni PET, haitengenezwi kwa BPA kabisa, kwahiyo hapo mesej imekosea. Kinachoweza kutoka kwenye PET kidogo kidogo ni antimoni, aina ya madini inayotumika kiwandani kuharakisha utengenezaji. Watafiti wa Arizona, jimbo la Marekani lenye joto kali, waliipima wakachapisha mwaka 2008: maji yakikaa kwenye nyuzi joto 60 muda wote yalihitaji siku 176 kufika kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Marekani, kwenye nyuzi 80 yalihitaji siku mbili na kidogo. Ona tofauti ilivyo kubwa. Kwahiyo chupa iliyosahaulika juani mchana mmoja haijawa sumu, ila katoni za maji kukaa miezi kwenye stoo ya bati inayochemka sio sawa. Na kuna kitu wengi hawakijui, kuweka maji kwenye chupa angavu ya PET juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, ni njia inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani ya kuua vijidudu pale ambapo mtu hana namna ya kuchemsha, na imetumika hata huku kwetu Afrika Mashariki. Kuhara kunaweza kuua mtoto ndani ya siku chache, antimoni ya chupa haifanyi hivyo.

Dioksini nazo hazitokei kwenye chupa iliyoko juani wala kwenye friza. Toleo moja la hiyo mesej limezunguka miaka mingi likibeba jina la chuo cha Johns Hopkins cha Marekani na wao wenyewe wakakana kwamba haijatoka kwao. Dioksini zinatokea kwenye moto, hasa plastiki yenye klorini kama PVC ikiungua vibaya. Na hapa naomba unisikilize maana hukulitaja ila wengi wa kazi yako wanalifanya: kuwasha jiko la mkaa kwa nailoni au kwa kipande cha kiatu cha zamani au dumu. Ule moshi mweusi unauvuta wewe, anauvuta mtoto uliyembeba mgongoni, na mwingine unatua kwenye sufuria. Kama unafanya hivyo hili ndo la kwanza kuacha, kabla hata ya nailoni ya wali. Tumia karatasi kavu, vijiti au maganda ya nazi.

Haya, kemikali inatokaje kwenye chombo na kuingia kwenye chakula? Plastiki ni minyororo mirefu sana ya kemikali iliyojisokota pamoja. Katikati ya minyororo kiwanda kinachanganya vitu vingine, vya kulainisha, vya rangi, vya kuzuia isipasuke. Vilainishi vinavyoitwa fathaleti, vinavyotumika sana kwenye PVC laini, havijafungwa kwenye mnyororo, vimechanganywa tu, kama mafuta kwenye chapati. Chapati ya moto ukiiweka juu ya karatasi mafuta yanahamia kwenye karatasi, ikipoa yanahama kidogo. Fathaleti nazo ziko hivyo, joto linazifungulia njia, na kwa vile zinapenda mafuta, chakula chenye mafuta au nazi kinazivuta kuliko maji matupu. BPA yenyewe ni sehemu ya mnyororo, ila kuna masalia ambayo hayakuungana kiwandani, na maji ya moto yanayorudiwa rudiwa yanakata mnyororo wenyewe taratibu, ndo maana chombo cha zamani kilichopauka na kuchubuka kinatoa zaidi ya kipya. Kwahiyo ukitaka kupima hatari ya chombo chochote uliza vitu vinne: chakula ni cha moto kiasi gani, kina mafuta au uchachu, kinakaa humo muda gani, na je hiyo plastiki ilitengenezwa kwa ajili ya chakula.

Kwanini tunaogopa hizi mbili hasa? Kwasababu zinaigiza au kuvuruga homoni. Kwa BPA hilo lilijulikana zamani, miaka ya 1930 mwanasayansi wa Uingereza Edward Charles Dodds alikuwa anatafuta dawa ya kufanya kazi kama estrojeni, ile homoni ya kike, akaijaribu BPA akakuta inafanya, japo kwa udhaifu. Baadaye ndo ikaja kuwa malighafi ya plastiki dunia nzima. Baadhi ya fathaleti zenyewe zinapunguza kazi ya homoni za kiume. Homoni zinafanya kazi kwa kiasi kidogo mno, na kuna vipindi mwili unazisikiliza kuliko kawaida: mtoto akiwa tumboni, akiwa mchanga, na akibalehe. Ndo maana kwako wewe na mwanao nakaza zaidi kuliko ningekaza kwa babu wa miaka 70.

Ila nikwambie ukweli wote, wataalamu wenyewe hawajakubaliana ni kiasi gani kinadhuru. Ushahidi kwa wanyama wa maabara ni mwingi. Kwa binadamu tafiti nyingi zinaonyesha uhusiano tu, watu wenye BPA au fathaleti nyingi kwenye mkojo wanakutwa zaidi na kisukari, unene, matatizo ya uzazi, lakini hao pia mara nyingi wanakula sana vyakula vya viwandani, kwahiyo kutenganisha ni kazi. Ulaya walikataza BPA kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mpaka nanogramu 0.2, hiyo ni mara 20,000 chini. Hapo hapo taasisi ya Ujerumani inayopima hatari hizi, BfR, ikapinga na kutoa kiwango chake kilicho juu ya hicho mara 1,000. Hata hivyo Umoja wa Ulaya ukaamua kupiga marufuku BPA kwenye vifaa vinavyogusa chakula, sheria ilianza Januari 2025 na viwanda vikapewa muda wa kujipanga. Msimamo wangu ni huu: pale ambapo kujikinga ni rahisi, jikinge bila kusubiri wamalize kubishana. Na ukiona chombo kimeandikwa hakina BPA usifurahi sana, vingine vimewekewa ndugu zake, BPS na BPF, ambazo nazo zinagusa homoni.

Saratani je? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka staireni, ile inayotengenezea vikontena vyeupe, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda sana vinasababisha saratani, na fathaleti moja inayoitwa DEHP kwenye kundi la chini yake, vinavyoweza kusababisha. Hayo makundi yanapima uzito wa ushahidi, hayasemi kula mara moja utaumwa. Staireni ushahidi wake mwingi umetoka kwa wafanyakazi wa viwandani wanaoivuta kila siku, kinachoingia kwenye wali ni kidogo sana ukilinganisha. Wakati huo huo sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga zilizoota ukungu, aflatoksini, iko kundi la kwanza kabisa, inasababisha saratani ya ini bila ubishi, na Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 kwa mkupuo. Nakutajia hii kwasababu unapika ugali kila siku na unga wako una uzito kuliko kontena lako. Nunua mahindi makavu safi, yenye ukungu usiyachanganye, na wala usidanganywe kwamba kukoboa au kupika kunaimaliza.

Uvimbe kwenye kizazi sasa. Ni kitu cha kawaida mno kwa wanawake, sisi watu weusi tunaupata zaidi na mapema zaidi, na walio wengi wanaishi nao bila hata kujua. Unakua kwa homoni za mwili wenyewe, estrojeni na projesteroni, na ndugu wa damu wakiwa nao na wewe uwezekano unapanda. Kuna utafiti wa maabara wa Chicago uliochapishwa 2022 ulioonyesha kwamba zao moja la DEHP, yaani kinachopatikana mwili ukishaivunja, linasaidia seli za uvimbe ziishi zaidi, kwahiyo wifi hajaokota maneno hewani. Lakini kutoka seli za maabara mpaka kusema uvimbe wako wewe umeletwa na nailoni ya wali ni mbali sana, hakuna daktari anayeweza kulisema hilo, na usibebe hiyo lawama.

Na kuhusu dawa ya kutoa sumu: BPA ikiingia mwilini ini linaibadilisha na figo zinaitoa na mkojo, karibu yote ndani ya siku moja. Fathaleti nazo zinatoka haraka hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba kesho tunajijazia tena. Kuna utafiti mzuri ulifanyika San Francisco ukatoka 2011, familia tano zililishwa siku tatu chakula fresh ambacho hakijagusa plastiki wala makopo, BPA kwenye mkojo ikashuka kwa wastani wa asilimia 66, na mazao ya DEHP kwa zaidi ya nusu. Siku tatu, bila dawa yoyote. Dawa unayouziwa haina kitu cha kutoa, ila ndani yake kunaweza kuwa na mitishamba ya kuharisha au ya kubana kizazi, na ndo hofu yangu kwako.

Tuje kwenye sufuria. Nailoni ya kufunikia wali ndo kitu kibaya kuliko vyote ulivyoniandikia, maana ina majibu mabaya kwa yale maswali yote manne: mvuke wa nyuzi 100 na mkaa juu yake, mafuta au nazi, nusu saa nzima, na mara nyingi ni mfuko uliotengenezwa kubebea bidhaa, wenye rangi na plastiki iliyorejelezwa ambayo hakuna anayejua ilikuwa nini mwanzo. Polithini inalainika karibu na joto hilo hilo, ndo maana wakati mwingine unakuta imenata pembeni. Mama mkubwa wako lengo lake lilikuwa mvuke usitoke na alikuwa sahihi kabisa. Sasa ufungie huo mvuke kwa jani la mgomba, lipitishe kwanza kwenye moto lilainike, lioshe, tandaza juu ya wali, funika, palia. Jani wakati wote bibi zetu wamelitumia na harufu yake wateja wataiulizia. Au kitambaa cheupe safi cha pamba kilichokamuliwa, ukikunja pembe zake juu ya mfuniko zisifike kwenye mkaa. Foili nayo inafaa kwa wali na pilau, ila kwenye vitu vyenye ndimu, nyanya nyingi au ukwaju usiiweke maana uchachu unaila.

Kwa wateja wa ofisini, wengi wanarudi kila siku, waambie waje na vyombo vyao, hotpoti ya stili au bakuli lenye mfuniko, na wewe uwashushie kidogo bei kwa vile hununui kontena. Wasiokuwa nazo nunua makontena ya namba 5, yanastahimili joto kuliko hivyo vyeupe. Kwenye vyeupe usiweke mchuzi wa moto wala samaki wa mafuta, wali uliopoa poa dakika chache ni nafuu. Mifuko laini kwa maharage ya moto acha kabisa. Lakini usije ukaacha chakula kipoe masaa ili tu kisiguse plastiki kikiwa moto, chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili kwenye hili joto la Dar bakteria wanazaliana, na hao wanamlaza mteja usiku huo huo. Kwenye gazeti usifungie, wino unahamia kwenye mandazi.

Wakati unatafuta vya kubadilisha usikimbie plastiki ukaangukia kwenye kibaya zaidi. Sufuria za bei rahisi zinazosubuliwa mtaani kwa vyuma chakavu vilivyochanganywa zinaweza kutoa madini ya risasi, Kamerun walizipima wakayakuta, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto, hapo wataalamu hatubishani. Stili ndo chaguo zuri, kioo pia kama hukivunji. Sahani za melamini kwa chakula cha kawaida hazina neno, ila supu inayochemka au mchuzi wenye uchachu zisiwekewe, wala zisiingie kwenye mikrowevu. Ndoo za rangi na madumu yaliyowahi kubeba dawa za shamba au mafuta ya taa, hizo ndo tupa hata leo, plastiki inanyonya vile vitu na sabuni haivitoi. Ndoo yako ya maji ya baridi, makopo ya kuwekea sukari, mchele, unga, vikombe vya kuchotea, hivyo baki navyo kwa amani. Hotpoti ambayo ndani ni stili haina shida hata kama nje ni plastiki.

Mtoto wako wa mwaka na nusu chupa ameshaizidi, mhamishie kwenye kikombe cha stili, hata kwa meno yake ni bora. Kwa wakati huu ambao bado anaitumia: uji au maziwa yapikie na kuyapoozea kwenye sufuria au bakuli la stili, yakishakuwa vuguvugu ndo umimine kwenye chupa. Mwaka 2020 watafiti wa Dublin walipima chupa za polipropilini wakakuta zikitikiswa na maji ya moto zinatoa mamilioni ya vipande vidogo visivyoonekana kwa lita moja, na joto likipanda vinaongezeka sana. Madhara ya hivyo vipande kwa mtoto bado yanachunguzwa, ila kuvipunguza hakukugharimu kitu. Huyu anayekuja, mnyonyeshe. Maziwa yako ni salama hata kama umekula wali wa nailoni miaka kumi.

Mwisho ni ya hospitali. Kipimo cha BPA cha mtu mmoja mmoja hata ukikipata hakitakusaidia maana kinaonyesha ulichokula jana, usilipie. Kliniki ya wajawazito usikose, mwambie daktari au mkunga kila hudhurio kuhusu huo uvimbe ili wafuatilie ukubwa wake na mahali ulipo, hasa kama uko karibu na mlango wa kizazi. Ukipata maumivu makali ya tumbo yanayokaa sehemu moja, damu hata kama ni kidogo, homa, maji kuvuja au baadaye mtoto kupunguza kucheza, usisubiri asubuhi wala usiandike kuniuliza, nenda. Na kama mtoto nyumbani amekunywa kitu kutoka kwenye chupa au dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kula, mkimbize hospitali na hiyo chupa mkononi waone ni nini.